Ubao Utoke Upande wa Maharage

Marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini nikisema nisubiri vijana wa siku hizi mnyanyue macho kwenye simu, nitazikwa sijaitikia hata mara moja. Basi mimi nimeshaitika, shikamoo zenu mtanipa mkipata nafasi.

Naitwa Sefu, Fundi Sefu wa Gerezani, seremala mstaafu. Watu hunicheka nikisema nimestaafu. "Fundi wa mtaani anastaafuje, nani kakuandikia barua?" Nimejistaafisha mwenyewe. Siku hiyo nilichomoa waya ukutani, nikapangusa meza, nikamwachia mwenzangu Shukuru ufunguo, nikarudi zangu Buguruni kulala. Nililala mpaka mke wangu akaja kunishika pua kuona kama bado napumua. Jamani, nyie hamjui raha ya mtu aliyekula miaka na kisu kinachozunguka mpaka hukioni, halafu akaondoka na vidole vyake vyote. Nikikaa barazani hapa huwa navipigapiga kwenye goti. Vipo. Nashukuru, nakunywa chai yangu.

Mnaniuliza kazi gani ilinipandisha presha kuliko zote. Mnadhani nitataja ngazi ya ghorofa, au kile kitanda cha bwana harusi mnene kilichorudishwa. Wala. Ilikuwa milango ya kabati la jikoni, milango ya kufichia vikombe na kopo la sukari. Lakini ili mnielewe, inabidi nianze na sufuria ya maharage.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, ruta ni mota iliyosimama wima na kisu kidogo puani. Kisu hicho ndicho kinachochora ukingo wa ubao ukawa na mawimbi, ndicho kinachochimba mfereji wa kukamatia paneli, ule ubao wa katikati ya mlango. Zamani kazi hiyo tuliifanya kwa randa na patasi, na mlango mmoja ulikutoa jasho wiki nzima. Kisha mwalimu wangu, Fundi Matei, akatokea siku moja na ruta ya mtumba ndani ya kiroba. Matei alikuwa mtu wa Songea, mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu. Akaiwasha, karakana yote ikaziba masikio, yeye anacheka tu.

Mwanzoni tuliishika kwa mikono juu ya ubao, tukaitembeza kutoka kushoto kwenda kulia. Mikono ikazoea. Baadaye Matei akaona mahali kwamba mashine hiyo inaweza kufungwa chini ya meza, kichwa chini miguu juu, kisu kikachungulia kwenye tundu. Hapo mashine inatulia, unachotembeza ni ubao. Tukatafuta plaiwudi nzito ya makasha yanayotoka bandarini, tukaichongea miguu ya dawati bovu, tukafunga ruta chini yake. Meza ikapendeza. Matei akaizunguka kama mtu aliyenunua gari.

Kitu kimoja tu hatukukifikiria. Ukiipindua mashine, na mwendo wa kazi nao unapinduka. Ubao lazima uende kupambana na kisu, kisu kikija huku wewe unakwenda kule. Matei akauweka ubao upande wa kushoto, kama mkono wake ulivyozoea, akasukuma kwenda kulia. Kisu hakikupambana naye hata kidogo. Kiliuchukua ule ubao mikononi mwake kikautupa, fyuu, ukatoka mlangoni, ukatua ndani ya sufuria ya Mama Chausiku.

Mama Chausiku ni mama ntilie wetu. Wakati huo, ukisimama kwenye meza ya ruta, alipika upande wako wa kulia, wali maharage na, siku akiamka vizuri, mchicha. Akaja na mwiko mkononi, rojo limemrukia mpaka kwenye kilemba.

"Nani kanitia ubao kwenye maharage yangu?"

Matei amesimama, mikono yote juu, anahesabu vidole. "Mama Chausiku, samahani. Hebu nitazamie wewe, mimi macho yamefanya ukungu. Vipo?"

Yule mama akavitazama kimoja kimoja. "Vipo. Haya, na maharage yote utakula wewe."

Tukayala. Yalikuwa na harufu ya mninga na tuliyasifia, nani angethubutu kunyamaza? Tangu siku ile ikawa ndiyo sheria ya karakana yetu. Aliyekuja kujifunza hakuambiwa kulia wala kushoto, maana mtu akiwa na hofu hata kulia kwake hakujui. Aliambiwa: ubao utoke upande wa maharage. Unaanzia kwa Mama Chausiku, unamalizia kwa yule fundi saa wa upande wa pili. Hata mimi nikilegea nilipigiwa kelele, "Maharage, Sefu, maharage!" Mteja akipita anadhani tuna njaa.

Mengine aliyonifundisha Matei nitawapa harakaharaka, maana mnapenda kurukaruka. Usimeze unene wote kwa mpigo mmoja. Kula kidogo, inua kisu, kula tena. Anza na vichwa vya ubao, pale nyuzi za mti zinapokatika, ndipo umalizie na mbavu, maana kichwani mti hupasukia mwishoni na ubavu ukija nyuma yake unausafisha. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Mkono usikaribie kisu, sukuma kwa kibao cha kusukumia, kibao kikiliwa utachonga kingine. Na paneli ya katikati, nisikilize hapa wewe unayejifanya umeshajua, paneli haitiwi gundi. Inakaa kwenye mfereji wake kama mtu kwenye kiti, inahemea. Mvua za Dar zinavimbisha mti, jua linausinyaza. Tuliwahi kuwatilia gundi familia moja ya Kihindi kule Upanga, kabati zuri la kuwekea vyombo. Masika ilipoingia milango ikapasuka usiku, mwenye nyumba akadhani ameingiliwa na wezi. Matei alikwenda kuitengeneza upya huku amejiinamia. Baada ya hapo tukawa tunapaka mshumaa kwenye kingo za paneli, gundi ya fremu ikivuja isipate pa kushika.

Haya. Matei alikwisha rudi kwao kupumzika, karakana ikawa yangu mimi na Shukuru. Shukuru ni mtu mzima mwenzangu, fundi hasa, mdomo wake tu ndio hauna breki. Asubuhi moja akaingia mwanamke mmoja aliyejifunga ushungi mweusi, ana duka la manukato pale Kariakoo. Bi Zuhura. Babu zake walikuja kutoka Uarabuni, yeye kazaliwa na kukulia mtaa wa nyuma ya soko. Aliomba kiti, akakaa, akavuta pumzi.

"Fundi, nyumba ya mama yangu inavunjwa, panajengwa ghorofa. Ndugu wote tumekubaliana. Mama hataki kutoka."

Nikamwambia, "Wazee ndivyo walivyo, Bi Zuhura. Mpeni muda."

"Muda umekwisha. Macho yake yamezimika, fundi, nyumba ile anaijua kwa mkono. Kila asubuhi anakwenda kuushika mlango wa mbele, anasimama nao kidogo, ndipo anakunywa chai. Kila Ijumaa anaufukiza udi. Nimembembeleza aje kwangu, nina fleti nzuri tu. Unajua kanijibu nini? Kasema, mlango ukienda, nitaufuata."

"Si uuhamishe?"

"Mlango wa mbao mpana namna ile niuweke wapi kwenye fleti? Pale ni geti la chuma." Akakunja kitambaa chake, akakikunjua. "Kaka zangu wanasema tumbebe tu, atazoea. Mimi sitaki kumtoa mama yangu kwenye nyumba yake kwa kumbeba. Nimefikiri, ule mlango ungekuwa makabati ya jikoni kwangu. Anapenda kukaa jikoni."

Shukuru akadakia, "Mama, hiyo poa kabisa." Nikamkanyaga mguu. Mti wa zamani hauna poa.

Tulikwenda kuuona. Mlango wa mtiki, mabawa mawili, mzito, umekuwa mweusi kwa miaka. Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yake juu ya mkeka, kadogo, kamenyooka.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye msumeno?"

"Ndiye mimi."

"Nipe mkono." Nikampa. Akaukagua kiganja na vidole, nikasikia haya kama bwana harusi. "Fundi mwenye vidole vyote," akasema. "Ama mzuri, ama mvivu." Shukuru alicheka mpaka nikamtoa nje.

Kisha akanishika kiganja akakipeleka kwenye mlango, bawa la kulia, usawa wa kifua chake. Pale mti ulikuwa umelainika na kuingia ndani kidogo, kama kibonde cha sahani. Mkono wake, na wa mama mkwe wake kabla yake, ulipita hapo kila asubuhi.

"Nitakuja kusikiliza kwa mkono kama mlango wangu umo kwenye hayo makabati," akaniambia. "Usipokuwemo, nitarudi hapa nikae, na watakaovunja wavunje na mimi nimo."

Tuliubeba mlango kwenda nao Gerezani. Ubao ule haukuwa na duka. Mbao nyingine ukikosea unakwenda kununua, unameza mate, yanaisha. Huu ukikosea imekula kwako, na kwa bibi wa watu.

Tukaanza kwa uangalifu mpaka majirani wakatucheka. Mti wa zamani umejaa misumari iliyokatikia ndani, na kisu cha ruta kikikutana na msumari ni balaa. Tulichukua sumaku ya spika mbovu, zimejaa Gerezani, tukaifunga uzi tukaipitisha juu ya kila ubao taratibu. Inaponing'inia na kuvutwa, hapo kuna msumari. Iwekeni akilini hiyo, haina gharama. Uso wa mbele hatukuugusa na randa, tulichana upande wa nyuma tu. Na ile sehemu yenye kibonde nikaipima iwe katikati ya paneli ya mlango mmoja, ule utakaokuwa usawa wa kifua cha Bi Mkubwa akisimama. Kisu kilipoanza kula, karakana ikajaa harufu. Sijui ni udi wa miaka yote ile, sijui ni mti wenyewe ulivyopata moto. Mama Chausiku akatoka jikoni kwake akauliza nani anaoa.

Sasa sikieni. Miezi michache kabla ya hapo, mwenye nyumba alikuwa ameinua ukuta upande wa barabara, ukatuzibia mwanga. Tukaigeuza meza ya ruta itazame upande wa ua. Kwa hiyo Mama Chausiku, ambaye hakusogea hata hatua, akawa kushoto. Sisi tuliokuwepo, mimi na vibarua, tulijirekebisha siku ile ile, tukaona jambo dogo, likasahaulika. Lakini Shukuru hakuwepo. Alikuwa Morogoro anamuuguza baba yake, na alirudi siku chache tu kabla Bi Zuhura hajaja kwetu, meza akaiona imegeuka, akasema tu, "Mwanga mzuri." Siku za mwanzo nilimpa kazi ya fremu na msasa, ruta nikaishika mimi.

Siku ya paneli ile nilikuwa nimesimama mlangoni nazungumza na mtu wa bawaba. Nyuma yangu nikasikia ruta inawashwa. Nikajua ni Shukuru, sikuwa na wasiwasi, ni mtu wa kazi. Ruta ikila sawasawa inaimba kwa sauti moja. Hii ikabweka. Nikageuka, nikamwona Shukuru, macho kwenye kisu, mdomo unanong'ona maneno yetu ya miaka yote, na paneli yenye kibonde anaisukuma kutoka upande wa maharage. Yaani kushoto.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Ikawa kazi bure, kisu kilishauchukua. Ubao ukaruka, ukapiga gunia la maranda pale pembeni, ukaanguka kifudifudi. Nikarukia waya nikauchomoa.

"Vidole!" nikamwambia.

Shukuru kanyoosha mikono mbele kama mtoto anayekaguliwa kucha. "Vipo, fundi. Mungu wangu. Si nimetoka kwenye maharage?"

"Meza tumeigeuza, Shukuru."

Akamtazama Mama Chausiku, akaitazama meza, akakaa chini palepale alipokuwa. Sikuwa na nguvu ya kumtukana, na mnajua mimi kutukana hakunishindi.

Nikaokota paneli. Kibonde kizima, alhamdulillahi. Lakini kwenye ukingo, mbele, kibanzi kirefu kama kidole kimenyofoka, pameachwa pengo linachungulia. Shukuru akaja nyuma yangu, sauti ya chini, "Tuchukue mtiki mwingine tuzibe. Tupake rangi. Nani atajua?"

"Bi Mkubwa atajua."

"Haoni, fundi."

"Ndiyo maana atajua."

Hakuna dawa ila kukitafuta kibanzi chenyewe. Kimekwenda wapi? Karakana nzima ni maranda, miguu inazama. Tukapiga magoti, mimi na Shukuru, tunapapasa. Nilikuwa namwona yule bibi amekaa juu ya mkeka wake na nyundo zinaanza kuangusha bati.

Mama Chausiku akasimama mlangoni akatutazama. "Wanaume wazima mnatafuta kwa kupapasa, kama mmedondosha shilingi sokoni. Sogeeni." Akaja na ungo wake wa mchele. Akajaza maranda, akapepeta. Vumbi likaenda zake, vipande vikabaki. Akajaza tena, akapepeta tena, anaimba chini kwa chini, sufuria zake zinaungua hajali. Wateja wake wakaanza kunung'unika, akawaambia wajipakulie wenyewe. Tulikuwa tumeshafika gunia la mwisho nilipomsikia anasema, "Ni hiki?"

Kilikuwa hicho. Niliuweka mti kwenye pengo lake, ukaingia kimya, kama haukuwahi kutoka. Jamani, nilimkumbatia mama wa watu na ungo wake. Tukatia gundi kidogo sana, tukaubana kwa klampu na karatasi katikati, hatukuugusa mpaka kesho yake. Kesho yake nikakata mwenyewe ukingo uliobaki, nikila kidogo kidogo kama unga, na kabla ya kuwasha nikamwambia Shukuru aniambie kisu kinazungukia wapi. Siyo maharage yako wapi. Kisu. Ukabaki mshono mwembamba ambao mwenye macho asingeuona.

Vanishi nzito nilikataa. Mkono wa Bi Mkubwa ungekutana na vanishi badala ya mlango. Tukapaka mafuta tu, tukafuta.

Siku ya kuifunga milango jikoni kwake, Bi Zuhura alimleta mama yake kwa lifti. Tulikuwa tumemaliza kukaza bawaba ya mwisho. Bi Mkubwa akaingia jikoni na buibui lake, akakataa kulivua. "Mgeni havui," akasema. "Nimekuja kusikiliza tu." Kaka zake Bi Zuhura walikuwa chini na gari, wanasubiri waambiwe wampeleke wapi.

Nikamwongoza mpaka mbele ya kabati, nikamwachia mkono. Akanyoosha kiganja. Alianzia kwenye fremu, akafuata yale mawimbi ya ukingo, akakunja uso maana hayo mlango wake haukuwa nayo. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Kisha mkono ukaingia katikati ya paneli ukakutana na kibonde, ukatulia. Bi Zuhura alikuwa ameng'ata ushungi wake. Kiganja kikashuka, kikafuata nyuzi za mti, kikafika kwenye mshono. Kikasimama.

"Hapa pana nini?"

Shukuru akainamisha kichwa. Nikajibu mimi. "Hapo mti uliumia, Bi Mkubwa. Kibanzi kilitoka, tukakirudisha kilekile. Hakuna mti mgeni hapo."

"Mlikipata wapi?"

"Kwenye maranda. Mama ntilie wetu aliyapepeta yote na ungo wake."

"Na ungo?" Akatugeukia na uso wake wote. "Amepepeta mlango wangu na ungo wa mchele?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea kabati, na akiwa ameegemea vile akakipitisha kiganja tena pale kwenye kibonde, bila kufikiri, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha akafungua buibui shingoni, akalivua, akalinyoosha kuelekea sauti ya binti yake.

"Zuhura, nitundikie hili. Na chetezo changu cha udi umekiweka wapi? Leo si Ijumaa?"

Tuliondoka kimyakimya, zana begani. Lifti tuliiacha, tukashuka kwa ngazi. Hatujafika chini, harufu ya udi ikatukuta. Nikakaa kwenye ngazi na sanduku langu la zana mapajani.

"Fundi," Shukuru akasema, "unalia?"

"Ndiyo, nalia. Kwani wewe umekatazwa?"

Akaja akakaa pembeni yangu.